Vikabichi vya Brussels kama mboga ya familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila baridi inapoingia, supamaketi za Uingereza, Marekani na Kanada hujaa vikabichi vya Brussels, na kila mwaka familia zetu zilizoko huko huuliza maswali yaleyale. Wengi walivionja kwa mara ya kwanza kantini ya shule au kwenye chakula cha Krismasi kazini, vimechemshwa mpaka vimelegea na kutoa harufu, wakaapa kutovigusa tena. Mboga haikuwa na hatia. Kilichoiharibu ni maji mengi na muda mrefu jikoni. Ukivipa moto mkali, chumvi ya kutosha na ndimu mwishoni, utapata mboga inayoliwa mpaka sahani iwe nyeupe.

Hivi ni vitu gani hasa? Ni kabichi changa?

Hapana. Kabichi ya kawaida ikivunwa mapema haiwi hivi. Huu ni mmea wake wenyewe, wenye shina refu lililosimama wima, na vikabichi huota ubavuni mwa shina hilo, kimoja kwenye kila kwapa la jani. Msimu ukifika utaona maduka yakiuza shina zima likiwa limejaa vikabichi kuanzia chini hadi juu.

Hata hivyo ni ukoo mmoja. Kabichi, sukuma wiki, koliflawa, brokoli na vikabichi hivi vyote ni spishi moja, *Brassica oleracea*, ambayo wakulima waliigeuza kwa kuchagua mbegu karne baada ya karne. Vikabichi vilipata sifa na jina huko Ubelgiji. Kwa mpishi aliyezoea sukuma na kabichi hii ni habari njema, kwani karibu kila kiungo unachotia kwenye mboga hizo kinakubaliana na hii pia.

Mbona vyangu vinakuwa vichungu, na nyumba nzima inanuka?

Tutenganishe mambo mawili hapa, maana uchungu na harufu havitoki mahali pamoja.

Uchungu umo ndani ya mboga tangu shambani. Mmea huu hutengeneza kemikali za kujikinga na wadudu, na mbili kati ya hizo, sinigrini na progoitrini, ndizo zinazouma ulimini. Katika miaka ya 1990 mtafiti Hans van Doorn, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya mbegu Uholanzi, alizitambua kuwa ndizo chanzo kikuu cha uchungu. Baada ya hapo wazalishaji wa mbegu walirudi kwenye aina za zamani zilizohifadhiwa, wakazionja kutafuta zenye uchungu mdogo, kisha wakazichanganya na aina mpya zinazozaa sana. Kwa hiyo mtu anayekumbuka vikabichi vya miaka ya 1980 kuwa vichungu mno hasemi uongo. Vya leo ni vitamu zaidi kwa kweli.

Harufu tunaitengeneza wenyewe jikoni. Mboga za ukoo huu zina salfa, na kadiri zinavyokaa kwenye maji yanayochemka ndivyo salfa hiyo inavyogeuka kuwa gesi zenye harufu ya yai bovu. Dakika 5 au 6 za kuchemsha hazina tatizo. Dakika 20 ndizo zinazoijaza nyumba harufu.

Kuna jambo la tatu: ndimi hazifanani. Jeni iitwayo TAS2R38 huwafanya watu wengine wausikie uchungu wa aina hii kwa nguvu kuliko wenzao. Ikiwa shemeji yako anasema ni vichungu na wewe husikii kitu, huenda nyote wawili mnasema kweli. Usimlazimishe. Muongezee chumvi na kitu kitamu kidogo, kwani chumvi hupunguza uchungu kuliko watu wanavyodhani.

Nichague vipi nikiwa dukani?

Chukua vidogo, vigumu, vilivyojifunga vizuri, vyenye kijani kinachong'aa. Kibonyeze: kikibonyea, kiache. Tazama kitako kilipokatwa; kikiwa cheupe au cha krimu ni kipya, kikiwa cha kahawia na kimekauka kimekaa siku nyingi. Majani ya manjano ni dalili ya uzee. Chagua vya ukubwa unaolingana, la sivyo vidogo vitaungua wakati vikubwa bado vibichi ndani.

Msimu wenyewe ni vuli na majira ya baridi. Vilivyopigwa na jalidi shambani huwa vitamu zaidi, kwa sababu mmea ukihisi baridi kali huongeza sukari ndani yake ili usigande. Mimi hununua Novemba hadi Februari, na wakati wa kiangazi napika mboga nyingine.

Ukifika nyumbani usivioshe. Viweke kwenye friji ndani ya mfuko na utaviosha siku ya kupika. Vitakaa karibu wiki moja bila shida, ingawa kila siku inayopita utamu hupungua.

Je, ni lazima kukata alama ya msalaba kwenye kitako?

Si lazima. Ni desturi ya zamani ya Uingereza, iliyokusudiwa kusaidia kitako kigumu kiive sawa na majani. Matokeo yake maji huingia ndani na kikabichi kinalowana. Ni bora kukikata katikati. Punguza ncha ya kitako kidogo tu, maana ukikata sana majani yataachana. Bandua majani ya nje yaliyochakaa, kisha pasua kuanzia juu hadi kitakoni. Kila nusu ina uso bapa, na uso huo ndio utakaogusa chuma cha moto na kupata rangi.

Majani yanayoanguka wakati wa kukata usiyatupe. Yakiingia kwenye trei pamoja na mengine hukauka na kuwa membamba yanayovunjika mdomoni, na mezani kwangu ndiyo yanayogombaniwa.

Nikitaka njia moja tu ya kuanzia, ni ipi?

Kuoka kwenye oveni yenye moto mkali. Kwa watu 5 au 6, andaa:

- vikabichi gramu 700, vilivyooshwa, kukaushwa na kukatwa nusu
- mafuta vijiko vikubwa 3 (ya zeituni au ya alizeti)
- chumvi robo tatu ya kijiko cha chai
- pilipili manga
- ndimu 1
- asali kijiko kikubwa 1
- punje 1 ndogo ya kitunguu saumu, iliyopondwa

Washa oveni nyuzi 220 za Selsiasi, au 200 ikiwa ina feni, na uingize trei tupu ipate moto pamoja nayo. Wakati huo changanya vikabichi na mafuta, chumvi na pilipili manga kwenye bakuli, kwa mikono, mpaka kila kimoja king'ae. Toa trei, vimwage, kisha ugeuze kila nusu ilale kifudifudi. Kazi hii ni ya dakika mbili na watu wengi huiruka. Usiiruke, kwani rangi ya kahawia yote inatoka hapo.

Rudisha trei ndani na usiguse kitu kwa dakika 15. Baada ya hapo inua kimoja utazame chini. Kikiwa na rangi ya kahawia iliyokolea, vikoroge mara moja, uviache dakika 5 hadi 10 zaidi. Vimeiva ncha ya kisu ikipenya kitakoni kwa upinzani mdogo. Majani ya nje yatakuwa na weusi pembeni, na hivyo ndivyo yanavyotakiwa kuwa.

Vikiwa bado vya moto, vimwagie mchanganyiko wa maji ya ndimu, asali na kitunguu saumu. Kitunguu saumu huingia mwisho kwa sababu moto wa nyuzi 220 hukiunguza muda mrefu kabla vikabichi havijaiva, na kikiungua kinaleta uchungu mwingine mbaya zaidi. Asali nayo huungua haraka. Ndimu ikitiwa mapema huondoa ukijani na kufanya majani yawe na rangi ya jeshi. Onja, ongeza chumvi ikihitajika, pakua.

Ukishaizoea njia hii badilisha mchuzi wa mwisho upendavyo. Ninaoupenda kuliko yote ni wa ukwaju: vijiko vikubwa 2 vya ukwaju mzito uliokamuliwa, asali au sukari guru kidogo, pilipili kichaa iliyokatwakatwa, na nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba iliyokaangwa bila mafuta na kutwangwa. Juu yake nyunyiza korosho zilizokaangwa. Ukali wa ukwaju na ule uchungu mdogo uliobaki wa mboga vinashikana vizuri sana, na mtu aliyekua akila bhajia kwa chatne ya ukwaju atauelewa ulaji huu mara moja.

Nimefuata maelezo yote lakini vimetoka vimelegea. Nini kimetokea?

Karibu kila mara ni maji. Ama viliingia kwenye trei vikiwa na maji ya kuoshea, ama vilirundikana. Mboga ikipata moto hutoa mvuke, na ikiwa hakuna nafasi kati ya kipande na kipande mvuke huo unabaki palepale na kuvichemsha. Vikaushe kwa taulo safi ya jikoni. Kama ni vingi tumia trei mbili. Usifunike kwa foili.

Sababu nyingine ni oveni isiyo na moto wa kweli. Oveni nyingi za nyumba za kupanga husema 220 kumbe ndani ni pungufu. Ipe dakika 20 nzima kabla ya kuingiza kitu.

Oveni yangu haifanyi kazi, au imejaa kuku. Naweza kutumia jiko la kawaida?

Unaweza, na kwa kiasi cha watu watatu au wanne kikaango ni bora hata kuliko oveni. Tafuta kikaango kizito, cha chuma ikiwezekana. Tia mafuta vijiko vikubwa 4 kikaango kikiwa bado baridi, panga vikabichi vilivyokatwa nusu kifudifudi, nyunyiza chumvi, funika, ndipo uwashe moto wa wastani kwenda mkali. Mvuke wavyo vyenyewe utaviivisha juu wakati chini vinapata rangi. Baada ya dakika 5 funua. Viache dakika 3 hadi 5 bila mfuniko mpaka uso wa chini uwe kahawia kweli, kisha tia ndimu na uepue.

Kikaangio cha hewa nacho kinafaa: nyuzi 190, dakika 12 hadi 15, ukitikisa kikapu mara moja au mbili. Usikijaze.

Je, vinakubali nazi?

Vinakubali sana. Kama nyumbani kwenu kabichi ya nazi ilikuwa chakula cha kawaida, hili ndilo pishi litakaloifanya mboga hii ya Ubelgiji ijisikie iko kwenu.

Siri ni kutovianzia ndani ya tui. Vikianzia humo vinachemka, vinatoa salfa na tui linabeba harufu yote. Kwanza vipe rangi kwenye kikaango kwa mafuta kidogo, kifudifudi, dakika 4 au 5, kisha uvitoe uweke kando. Katika kikaango hichohicho kaanga kitunguu maji 1 kilichokatwa vipande vyembamba mpaka kilainike. Tia kitunguu saumu na tangawizi, nusu kijiko cha chai cha manjano, na nyanya 1 iliyokatwakatwa. Nyanya ikishapondeka tia kikombe 1 cha tui jepesi, chumvi, na pilipili mbuzi moja nzima bila kuipasua, ili upate harufu yake bila ukali wote. Likichemka rudisha vikabichi, viive dakika 4 au 5. Sasa punguza moto, tia nusu kikombe cha tui zito, koroga polepole bila kuacha likatokota kwa nguvu, maana litakatika. Dakika 3 zinatosha. Epua, kamulia ndimu.

Wanaotumia nazi ya kopo: usiitikise. Ukifungua kopo lililokaa mahali pa baridi, krimu huwa imepanda juu. Hiyo ndiyo tui zito lako. Kilichobaki chini, ukiongeza maji kidogo, ndicho tui jepesi. Angalia viambato pia. Makopo mengine yana maji mengi na viungio vya kulifanya lionekane zito, na hayo hayatoi ladha.

Kula kwa wali mweupe na samaki wa kukaanga. Kwa ugali pia ni sawa, ila acha mchuzi uwe mzito zaidi.

Naweza kuvipika kama sukuma wiki?

Ndiyo, na ni njia ya haraka kuliko zote. Vikate vyembamba sana, kama unavyokata sukuma. Kaanga kitunguu, tia nyanya ukitaka, kisha vikabichi, chumvi, moto mkali, ukikoroga. Dakika 6 au 7 vimeiva, bado vina ugumu kidogo. Ukizidisha hapo vinaanza kunywea na kutoa maji.

Mapishi mengi ninayoyaona yana bekoni. Sisi hatuli nguruwe.

Bekoni imo mle kwa kazi tatu: chumvi, mafuta na ladha ya moshi. Ukijua hilo, kuziba pengo ni rahisi. Nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, ikikatwa vipande vidogo na kukaangwa mpaka ikauke, inaleta zote tatu. Bekoni ya bata mzinga iliyochinjwa kihalali ipo kwenye maduka mengi ya halali Uingereza na Marekani, ingawa ina mafuta machache, hivyo ongeza kijiko cha samli. Asiyekula nyama kabisa atumie paprika ya moshi pamoja na vitunguu maji vilivyokaangwa hadi kahawia, vile vya kutia kwenye pilau. Kwangu mimi hivyo vitunguu vinaishinda nyama.

Nitie magadi ili vibaki kijani?

Usitie. Ni kweli magadi hulinda rangi, lakini hulainisha majani mpaka yanateleza na huharibu sehemu ya vitamini C, ambayo ndiyo moja ya sababu nzuri za kula mboga hii. Gramu 100 za vikabichi vibichi zina takriban miligramu 85 za vitamini C, zaidi ya chungwa la uzito huohuo. Ukitaka ukijani, punguza muda wa kupika. Kama unachemsha, tumia maji mengi yenye chumvi, yanayochemka kwa nguvu, sufuria bila mfuniko, dakika 5 hadi 6 kwa vilivyo nzima, kisha uchuje na kukaangiza kwa siagi.

Watoto wangu hawataki hata kuviona. Nifanyeje?

Watoto husikia uchungu kwa nguvu kuliko watu wazima, kwa hiyo anza kwa kuwaamini. Anayekunja uso mara nyingi hana deko. Kwake ni vichungu kweli.

Yanayosaidia: chagua vidogo kabisa, vioke mpaka viwe na rangi iliyokolea, na utie asali zaidi ya ulivyozoea. (Asali isipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.) Unaweza pia kubandua majani tu, ukayachanganya na mafuta kidogo na chumvi, ukayaoka nyuzi 180 kwa dakika 8 hadi 10. Yanatoka makavu, mepesi, na mtoto anayakula kwa mikono akiwa anasubiri chakula. Mchuzi wa karanga nao una nguvu: kijiko kikubwa 1 cha karanga za kusaga, ndimu, chumvi, maji moto kidogo ya kulainisha. Kama kuna mwenye mzio wa karanga nyumbani, tumia ufuta uliosagwa, ikiwa huo haumdhuru.

Wape kipande kimoja sahani moja, bila hotuba na bila ahadi ya peremende, kisha uwape tena wiki ijayo. Mtoto huhitaji kukutana na chakula kipya mara nyingi kabla hajakikubali, na kumlazimisha kunarudisha safari nyuma. Wapeni pia kazi. Mtoto aliyebandua majani kwa mkono wake ana hamu ya kuonja kazi yake.

Kwa watoto wadogo sana, usiwape kikabichi kizima wala nusu. Ni duara na kigumu, kinaweza kukaba koo. Kipike kilainike kisha ukikate vipande vidogo au ukiponde.

Vya friza vinafaa?

Kwa nazi na kwa mchuzi vinafaa kabisa. Kwa kuoka, vinafaa lakini havitakauka kama vibichi, kwa sababu vilishapitishwa kwenye maji ya moto kiwandani kabla ya kugandishwa. Usiviyeyushe. Trei iwe ya moto sana, nyuzi 230, vimwage vikiwa vimeganda, mafuta, chumvi, dakika 25 hadi 30, na ukiweza uvikate nusu katikati ya safari.

Ukitaka kugandisha vyako: vidogo vichemshe dakika 3, vya wastani 4, vikubwa 5, uvitie mara moja kwenye maji ya barafu, uvikaushe, ndipo uviweke friza.

Vinajaza tumbo gesi. Kuna dawa?

Vina nyuzinyuzi na aina za sukari ambazo tumbo halizimeng'enyi, hivyo bakteria wa utumbo huzishughulikia na gesi hutokea. Anza na kiasi kidogo, vitano au sita kwa mtu, uongeze taratibu. Viive vizuri, usile vibichi kwa wingi. Binzari nyembamba na tangawizi hutumiwa na wapishi wengi kwa shida hii, na hata zisipokusaidia tumbo zitasaidia ladha.

Mama yangu anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Anaweza kula?

Swali hili lina uzito, hasa kwa wanaotumia warfarin. Vikabichi vya Brussels vina vitamini K nyingi: gramu 100 zilizopikwa zina takriban mikrogramu 140, wakati mahitaji ya siku kwa mwanamke mtu mzima ni karibu 90 na kwa mwanamume 120. Vitamini hiyo husaidia damu kuganda, yaani inavuta upande wa pili wa ile dawa. Hatari kubwa ni kubadilisha ulaji ghafla: mwezi mzima bila mboga za majani, halafu wiki ya Krismasi sahani iliyojaa kila siku. Azungumze na daktari au kliniki inayompima damu, aeleze anachokula, na kiasi kisiyumbe. Sukuma wiki na mchicha ni vivyo hivyo, kwa hiyo mazungumzo hayo yanamfaa hata asipogusa vikabichi.

Mwenye tatizo la tezi ya shingo naye aulize daktari wake kwanza. Kwa mtu mwenye afya anayepata madini joto ya kutosha, sahani ya kawaida iliyopikwa haina shida.

Tunaalika watu Krismasi. Naweza kuandaa mapema?

Siku moja kabla, visafishe, uvikate, uvikaushe na kuviweka friji kwenye chombo chenye taulo ya karatasi chini. Tengeneza mchuzi wa mwisho, uuweke chupani. Kaanga korosho. Siku yenyewe, kuku au bata mzinga akitoka kwenye oveni anahitaji kupumzika dakika 20 hadi 30 kabla ya kukatwa. Huo ndio muda wa vikabichi. Pandisha moto, ingiza trei, na vitafika mezani vikiwa vya moto. Usivioke asubuhi kwa nia ya kuvipasha baadaye, kwani vilivyokaa hupoteza ukavu na harufu ya salfa huanza kujitokeza.

Kwa watu 12 hesabu kilo 1 na nusu, trei mbili, na uzibadilishane nafasi katikati ya muda.

Vinaweza kuliwa vibichi?

Kwa kachumbari, ndiyo. Vikate vyembamba kabisa kwa kisu kikali, vifikiche kwa chumvi na maji ya limau, uviache dakika 10 vilainike. Ongeza kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili, na punje za komamanga zikipatikana. Inafaa sana na nyama choma kwa sababu haitoi maji kama ya nyanya.

Vilivyobaki nifanyie nini?

Viweke friji, uvimalize ndani ya siku 3 au 4. Usivipashe kwenye maikrowevu. Jiko zima litanuka na vitalegea. Kikaango cha moto, mafuta kidogo, dakika 3. Au vikatekate uvichanganye na mayai ya kukaanga asubuhi, au na wali uliolala, kitunguu na pilipili.

Nikirudi nyumbani Afrika Mashariki, naweza kuvipata au kulima?

Kwenye supamaketi kubwa za mijini huonekana mara mojamoja, kwa bei ya juu. Kuvilima kunahitaji baridi: mmea hustawi zaidi kwenye nyuzi 15 hadi 18 na huchukua miezi kadhaa hadi kuvunwa. Kwenye joto la pwani vikabichi havijifungi, vinabaki vimefunguka na vichungu. Mwenye shamba sehemu za baridi zinazolimwa kabichi na koliflawa, kama Limuru au Lushoto, ana nafasi nzuri ya kujaribu. Vuna kuanzia chini ya shina ukipanda juu, kwa sababu vya chini hukomaa kwanza.

Na ukilima, au ukikuta shina zima sokoni Ulaya, lile shada la majani ya kileleni ni mboga kamili. Likate, ulioshe, ulipike kama sukuma wiki siku hiyohiyo. Ladha yake ni laini kuliko ya vikabichi vyenyewe, na maduka ya Uingereza huliuza peke yake wakati wa baridi, mara nyingi kwa bei nafuu.